Tuulizeni kwanza kuhusu vidonge

Kwa waganga wa tiba asili, wauzaji wa mitishamba na virutubishi, na watumishi wa maombi mnaowahudumia watu wa Maseno, Luanda, Chulaimbo hadi Kisumu mjini.

KUH: WAGONJWA WA PARKINSON MNAOWAPOKEA

Waheshimiwa wazee wetu na mama zetu,

Nawaandikia ninyi, si gavana wala waziri wa afya, kwa sababu ninyi ndio mnaotuona kwanza. Mzee akianza kutetemeka mkono katika vijiji hivi vya kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia, hakuna anayekimbilia Nairobi kutafuta daktari wa neva. Watu huja kwenu. Hata akishaandikiwa vidonge hospitalini bado huja kwenu, ila safari hii huja kimyakimya. Vidonge vimeachwa nyumbani juu ya kabati na hakuna anayevitaja. Barua hii inahusu vidonge hivyo visivyotajwa.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mtu aliyesifika kwa mwandiko. Ugonjwa wake haukuanza na kutetemeka. Ulianza na mwandiko kusinyaa: sentensi ilianza kwa herufi za kawaida, na kufika mwisho wa mstari zilikuwa ndogo hazisomeki. Sahihi yake ikakataliwa kwenye Sacco kwa kuwa haikufanana na ile iliyo kwenye faili. Kisha pua ikaacha kunusa; omena ingeungua jikoni naye ameketi papo hapo hana habari. Uso ukakakamaa, sauti ikashuka, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba mwalimu siku hizi ana maringo, hacheki na mtu. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilipoanza kucheza kama cha mtu anayehesabu noti, ugonjwa ulikuwa umeshakaa mwilini miaka.

Kila mtu alikuja na maelezo yake. Wazee wa ukoo walisema ni chira: alitoka kwenda kujenga boma lake kabla ya kaka yake mkubwa, na sasa mwiko ulikuwa unadai, anyweshwe manyasi, yaani dawa ya kuondoa chira. Waumini walisema ni pepo. Kijana mmoja wa virutubishi alimshikisha kijiti cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, akachapisha karatasi ndefu iliyosema ini, figo na uti wa mgongo vyote vina kasoro, na kwa bahati nzuri tiba ya vyote vitatu ilikuwa ndani ya begi lake. Mhudumu wa zahanati naye alisema ni uzee tu. Kwa hiyo msidhani nimewashika ninyi pekee. Upande wa koti jeupe nao ulipapasa gizani.

Wala si Maseno tu. Katika wilaya ya Hai, kule chini ya Kilimanjaro, watafiti waliwatafuta wagonjwa kijiji kwa kijiji katika eneo lenye watu wapatao 161,000. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008: walipata watu 33 wenye Parkinson, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaugua nini. Walikuwa wameishi na jina la uzee, au la uchawi, au bila jina lolote.

Sitabishana na mtu kuhusu chira. Nasema tu kwamba ugonjwa huu huwapata hata wasio na boma la kujenga wala kaka wa kumtangulia. Ulimpata Papa Yohane Paulo wa Pili. Ulimpata Muhammad Ali, aliyegunduliwa kuwa nao mwaka 1984, miaka 10 baada ya kumwangusha George Foreman kule Kinshasa. Ndani ya ubongo kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, na bila hiyo mwili hauitikii vizuri unapoamrishwa kutembea, kumeza, kutabasamu. Seli hizo hufa polepole. Mtu akija kuona dalili, seli nyingi zimeshakwenda.

Baba alipompata daktari anayeujua ugonjwa huu aliandikiwa levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, ikiwa imechanganywa na kabidopa, ambayo huizuia levodopa isiishie njiani kabla haijafika kichwani. George Cotzias, daktari mzaliwa wa Ugiriki aliyefanya kazi Marekani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1967 kwamba levodopa kwa dozi inayoongezwa taratibu inaweza kumnyanyua mtu aliyeganda kitini. Leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Haiponyi, na daktari aliyetuandikia alilisema hilo wazi. Inachofanya ni kumrudishia mtu saa kadhaa za mwili wake. Nimeketi na baba asubuhi kwenye benchi la nje, shati liko wazi kifuani, tunasubiri kidonge kishike. Kikishashika anafunga vifungo mwenyewe, kimoja baada ya kingine, mpaka cha shingoni, halafu anauliza gazeti liko wapi. Baada ya saa kadhaa kinaisha nguvu na vidole vinarudi vilivyokuwa.

Kwa nini basi tulikuja kwenu?

Kwa sababu vidonge huisha. Zahanati ya karibu haina, kemisti wa sokoni anatutazama kana kwamba tumetaja jina la sayari, tunapanda matatu hadi Kisumu, na huko nako siku nyingine ni pakiti moja tu imebaki, kwa bei inayomaliza pesa za mwezi. Na kwa sababu hospitalini tulipewa dakika chache na foleni inasukuma mlangoni, ilhali kwenu tulipewa kiti na chai na mchana mzima. Mmoja wenu alimuuliza baba analalaje, anaota nini, amegombana na nani, choo alipata lini mara ya mwisho. Yalikuwa maswali mazuri kabisa. Watu wenye Parkinson hupiga kelele na kurusha mateke usingizini, hufunga choo, huzama katika huzuni. Mganga aliyeuliza hayo aligusa ugonjwa wenyewe hata kama hakuujua kwa jina. Swali ambalo hakuuliza ni moja tu: anameza nini?

Nitasema pia kwamba mara kadhaa baba alirudi kutoka kwenu akiwa na nafuu ya kweli. Alitembea vizuri, akaongea, akala. Mama akatoa ushuhuda. Sayansi haiupuuzi ushuhuda kama huo. Mwaka 2001, watafiti wa Vancouver, Kanada, waliandika katika jarida la Science kwamba waliwadunga wagonjwa wa Parkinson maji ya chumvi matupu huku wagonjwa wakitarajia kuwa huenda ni dawa, kisha wakapiga picha ubongo wao. Ubongo ulitoa dopamini yake wenyewe. Matumaini peke yake yalikuwa yamefanya kazi ambayo kidonge hufanya. Ndiyo maana katika ugonjwa huu karibu kila tiba mpya huonekana kufaulu mwanzoni: mafuta ya upako, chupa ya mizizi, mkufu wa shaba, sindano ya maji. Nafuu ni ya kweli lakini haikai, na haithibitishi kwamba kilichomo kwenye chupa ndicho kilichoileta. Mkiwa na miaka mingi katika kazi hii mnalijua hili kuliko mimi. Mgonjwa aliyetoa ushuhuda mwezi wa kwanza, mmemwona wa sita?

Lakini kuna mmea ambao siwezi kuuita matumaini matupu, nao ni upupu. Ndiyo, huu huu wa vichakani unaowasha mpaka mtu atamani kujichuna ngozi. Jamaa yake asiyewasha wakulima humpanda kurutubisha shamba na kulisha mifugo. Mbegu za upupu zina levodopa, ile ile ya kwenye kidonge, kwa kawaida asilimia 4 hadi 6 ya uzito wake, ingawa hupanda na kushuka kulingana na mbegu na mahali ilipoota. Madaktari wa Italia na Bolivia waliwapa wagonjwa 18 unga wa mbegu zilizokaangwa, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 2017 dozi moja moja ya unga huo ilifanya kazi vizuri karibu sawa na kidonge. Kisha wakajaribu kuutumia kila siku, kwa wagonjwa 14. Nusu yao walishindwa kuendelea: 4 kwa matatizo ya tumbo, 3 kwa kuwa miili yao ilizidi kukaza. Walipokuwa kwenye vidonge hakuna aliyeacha. Unga hauna kabidopa, kwa hiyo unahitaji mwingi zaidi na tumbo ndilo linalolipa.

Nimeeleza haya kirefu kwa sababu ndani yake mna jambo linalowahusu moja kwa moja. Mti ukiwa hauna nguvu, kuuchanganya na vidonge hakuna hasara kubwa ila ya pesa. Hatari inakuja mti ukiwa na nguvu. Anayemeza vidonge vya levodopa kisha akanywa upupu juu yake amekunywa dozi mbili: atatapika, presha itashuka akisimama na ataanguka, au mwili utaanza kujinyonga wenyewe, mabega na shingo vikizunguka bila ruhusa. Baba yalimpata hayo. Tulikuwa tumepewa unga wa rangi ya majivu ndani ya chupa ya soda iliyosafishwa, kijiko kimoja asubuhi na kimoja jioni. Nilipouliza ni wa mti gani niliambiwa hiyo ni siri ya mababu. Daktari aliponiuliza mgonjwa amekula nini, sikuwa na la kumjibu.

Ipo pia miti inayokwenda kinyume. Jamii ya Rauvolfia, ambayo aina zake kadhaa huota Afrika Mashariki na hutumiwa kutuliza wenye wazimu na kushusha presha, ina kemikali iitwayo reserpini. Reserpini humaliza dopamini mwilini. Miaka ya 1950, Arvid Carlsson wa Uswidi aliwapa sungura reserpini wakaganda, kisha akawapa levodopa wakainuka. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Yaani mganga anayemnywesha mgonjwa wa Parkinson mizizi ya kumtuliza anaweza kuwa anamwongezea kile kile kinachomla. Na ili nisionekane naegemea upande, hospitali nazo hufanya kosa la aina hiyo hiyo: Plasil ya kuzuia kutapika na haloperidoli ya kutuliza wenye fujo, zote huzuia dopamini, na zote huwafikia wazee wenye Parkinson kwa mikono ya watu waliosoma. Ndiyo maana jamaa wa mgonjwa hawana budi kusema kila kinachoingia mdomoni, kwa kila anayeuliza na hata kwa asiyeuliza.

Sasa nifike kwenye lililo zito zaidi. Baadhi yenu huwaambia wagonjwa waache vidonge. Mmoja alitwambia dawa mbili haziishi nyumba moja. Mwingine, mtumishi wa Mungu, alisema kumeza vidonge baada ya maombi ni kumwambia Mungu hatukumwamini. Baba ni mtu wa imani, akaacha. Siku za kwanza alikuwa mtulivu, na kila mtu aliita utulivu huo uponyaji. Kisha akakaza mwili mzima, hamezi hata uji, joto likapanda, akaanza kuongea na watu ambao hawakuwepo. Waliompokea hospitalini usiku huo walitueleza kwamba levodopa haikatwi ghafla. Mwili ukinyang'anywa unaweza kukakamaa na kupata homa kali, na watu hufa. Hilo si la kubishaniwa kati ya tiba asili na tiba ya kizungu. Ni sawa na kumvua mtu kiatu katikati ya miiba kwa hoja kwamba kiatu si cha kienyeji.

Wengi wenu mnakumbuka Loliondo. Mwaka 2011, Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akigawa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga katika kijiji cha Samunge, huko Loliondo, kwa shilingi 500 za Tanzania, na magari yalijipanga kilomita nyingi, mengine yakitoka huku kwetu Kenya. Wapo waliofia kwenye foleni. Wapo waliorudi wameacha ARV, na wahudumu wa afya wakabaki kuwasihi warudie. Mzee yule alifariki mwaka 2021, na sina neno baya juu ya moyo wake. 500 si pesa ya tapeli, na chupa tulizouziwa sisi kwa bei ya mbuzi zingemshangaza. Kikombe chenyewe hakikuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa watu kuamini kwamba kikombe kimechukua nafasi ya vingine vyote.

Najua mtaniuliza: mbona huwaandikii wenye mamlaka? Nao wana lao. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ina sehemu nzima inayohusu tiba asili na tiba mbadala, na inataka kuwe na utaratibu wa rufaa kutoka kwenu kwenda hospitalini. Bodi ya Dawa na Sumu ina jukumu la kusajili dawa za mitishamba zinazouzwa madukani. Kemri ina kituo cha utafiti wa tiba asili. Kaunti inayoweza kuweka dawa za presha katika vituo vyake vya afya inaweza kuweka na levodopa. Hayo yote ni kweli, na nitayaandika kwingine. Lakini rufaa iliyoandikwa kwenye sheria haimfikii mzee aliyekaa kwenye mkeka wako leo mchana. Wewe unamfikia.

Kwa hiyo naomba. Mgonjwa akiketi, kabla ya kuuliza kuhusu boma na ndoto, ulizeni anameza dawa gani na saa ngapi, na mwambieni mtoto wake azilete azionyeshe. Msikubali jibu la "hamezi kitu". Tunawadanganya kwa kuwaogopa, kama tunavyowadanganya madaktari kwa kuogopa kufokewa. Mkitoa mti, tupeni jina lake, kwa Kijaluo, kwa Kinyore, kwa lugha yoyote, tuliandike. Siri ya mababu inaweza kubaki katika namna ya kuuchimba na kuupika. Mkitaka kumpa mtu dawa ya kusafisha tumbo, jueni kwamba mzee huyu presha yake huanguka akisimama na kuharisha kunaweza kumpeleka chini na kumvunja nyonga. Na mwenye vidonge asiambiwe na yeyote kati yenu aviache. Anayetaka vipunguzwe amrudishe mgonjwa kwa aliyeviandika.

Yako mengi mnayoweza kuyafanya kuliko hospitali, na nisingependa barua hii isomwe kama orodha ya makatazo. Mazoezi yamethibitika kusaidia ugonjwa huu: kutembea, kucheza ngoma, kunyoosha viungo. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, mazoezi ya Kichina ya tai chi yaliwapunguzia wagonjwa kuanguka. Sisi hatuna tai chi lakini tuna ngoma, na mguu ulioganda mara nyingi hufuata mdundo. Kuimba kwa nguvu kunaweza kuisaidia sauti inayofifia, na hilo makanisa yenu yanaliweza kuliko kliniki yoyote niijuayo. Kukanda misuli iliyokaza humpa mtu usingizi. Baba huganda hasa mlangoni, miguu imenata sakafuni. Mjukuu wake humlazia fito mbele ya kizingiti, naye huinua mguu na kuiruka kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyetufundisha. Jirani alipoiona ile fito aliuliza ni mganga gani ametupa, nasi tumemwambia mara kadhaa kwamba ni fito ya mpera tu, ila haamini.

Jambo la mwisho ni la jikoni, nanyi mnaweza kulieneza kuliko redio. Levodopa hugombania njia na protini. Mzee akimeza kidonge pamoja na samaki, maharagwe au omena, sehemu kubwa ya dawa haifiki inakokwenda, na familia husema vidonge havifai tena. Akimeze nusu saa au saa moja kabla ya chakula, kwa maji. Baadhi ya wagonjwa wanaoletwa kwenu kwa kuwa "dawa ya hospitali imeshindwa" wameshindwa na sahani. Waambieni hivyo, bila kutoza, kisha wanyosheeni barabara ya kurudi kliniki wakaangaliwe dozi.

Sisi tutaendelea kuja. Dawa inayoponya ugonjwa huu haijapatikana, na mtu aliye na mzazi anayetetemeka hugonga kila mlango. Tunachoomba ni kwamba tukigonga wa kwenu, vidonge vyetu viingie pamoja nasi.

Wenu mtiifu,
Binti wa mwalimu mstaafu,
Maseno.